Vigae Hamsini vya Baba Yako

Makanyagio, Mpanda
Jumamosi, mchana

Mwanangu Leokadia,

Umelala kwenye mkeka hapa ubavuni mwangu, mdomo wazi. Nzi mmoja anakusumbua, namfukuza kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiandika. Kesho asubuhi lori litapakia watu wa Mpimbwe, na wewe utakuwa ndani yake, kwenye mapaja ya mama yake baba yako, mnakwenda kwao Kasansa. Siku utakayoweza kusoma karatasi hii utakuwa mtu nisiyemjua. Basi salamu yangu ni ya mtu aliyefika kwenye nyumba ngeni, hajui kama atafunguliwa: hodi, mwanangu. Hodi.

Nina miaka kumi na minane. Najua wazazi wanaoandika barua za namna hii huwa wana mvi na mambo mengi waliyoyaona. Mimi nimeona kidogo. Nina kosa moja tu la kukuachia, ila ni kubwa kuliko umri wangu.

Habari za kunawa mikono, kusali, kuamkia wakubwa, sitaziandika. Bibi yako anazijua zote, na nikisema kweli, tangu afike hapa juzi anakufunga mgongoni vizuri kuliko mimi. Hulii. Jambo hilo limeniuma na limenipoza, yote mawili kwa pamoja.

Jambo lenyewe ni hili. Bibi yako anaamini kwamba baba yako, Gaudensi, alifukuzwa kazi kwenye kiwanda cha vigae kwa sababu mkono wake ulikuwa unaharibu kazi. Si kweli. Na aliyefanya watu waamini hivyo ni mimi, kwa kalamu yangu. Bibi hajui. Ameniahidi kwamba kila mwaka mavuno yakiisha nitakuja Kasansa, nitalala kwake, na wewe utaniita mama mbele ya watu. Nikimwambia ukweli, ahadi hiyo sidhani kama itabaki. Nisipomwambia, utakua ukiambiwa wewe ni mtoto wa mtu mharibifu. Tangu asubuhi nazunguka na maneno hayo mdomoni kama mtu aliyeshika kaa la moto, hamezi, hatemi.

Leo asubuhi umeangusha bakuli la udongo, lile la uji, likavunjika vipande vitatu. Mtoto wa miaka miwili, bakuli limejaa, lina moto, nani asingeliangusha? Bibi akapiga makofi: "Aka! Mmeona? Ndiyo ule ule mkono wa Gaudensi. Umekuja wote, na vidole vyake!" Babu yako, yaani baba yangu, akacheka. Mimi nikaokota vipande. Sikusema kitu. Mwanangu, usipojua kitu kingine juu ya mama yako, jua hicho: huwa naokota vipande, sisemi.

Sasa nikueleze kiwanda.

Kilikuwa ng'ambo ya reli, karibu na bonde lenye udongo mwekundu unaonata. Walifyatua vigae vya kuezekea nyumba mpya za serikali na hospitali. Wafyatuaji walikuwa watano. Kila mmoja alikuwa na alama yake, anaigonga kwenye kigae kingali kibichi, upande wa chini. Mmoja alichora msalaba, mwingine mistari miwili, na kadhalika. Baba yako alikata tete, akaligandamiza kwenye udongo, likaacha duara dogo zuri, kama jicho la kuku. Vigae vikishakauka chanjani vinapangwa ndani ya tanuri, vinachomwa siku mbili, halafu tanuri linaachwa lipoe. Likifunguliwa, vizima vinapanda lori papo hapo. Vilivyopasuka vinatupwa kwenye lundo nyuma ya kibanda. Wenyewe walipaita Makaburini.

Mimi nilikuwa mtoto wa mwalimu. Nilimaliza shule ya kati ya misheni nikiwa na miaka kumi na mitano, najua kuandika Kiswahili na Kiingereza. Karani wa kiwanda alipougua, baba akampeleka binti yake akashike nafasi mpaka apone. Nilikaa kwenye kibanda kile kwa aibu ya kufa. Wanaume watano, mchoma tanuri mmoja Mnyamwezi anaitwa Mzee Maganga, na mimi na daftari langu. Mtu akiniamkia naangalia miguu yake. Nilijua miguu ya wote kabla sijajua sura zao.

"We karani," baba yako aliniambia wiki ya pili, "leo nimeoga miguu kwa ajili yako. Inuka basi uone na kichwa, nacho nimekiosha."

Wenzake wakaangua kicheko. Nikainua macho. Nadhani mambo yangu yote yalianzia hapo. Yaliyofuata kati yetu sitayaandika, ni yangu. Nakwambia tu kwamba hakunilazimisha, na alikuwa anajenga nyumba ya vyumba viwili kwa ajili ya kunioa. Ndiyo maana alifanya kazi vile. Wenzake jua likigeuka walikwenda mashambani kwao. Yeye alibaki anafyatua mpaka giza, haoni tena udongo, ili Bwana, msimamizi wa kiwanda, amkubalie kuchukua vile vyenye nyufa akaezekee kwake. Kila mtu alikuwa na kipande, yaani kadi ya siku alizofanya kazi, si ya idadi ya vigae, kwa hiyo hakuna aliyehesabu nani ametoa vingapi. Mimi nilikuwa naona kwa macho. Kuandika sikuandika. Daftari halikuwa na nafasi hiyo.

Halafu vigae vikaanza kupasuka zaidi. Bwana, yule Mzungu msimamizi, akaja amekasirika. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrishia tu, cha kuelezana hakuwa nacho. Akaniagiza kwa Kiingereza niende Makaburini, nichukue vigae mia vya tanuri la mwisho, nihesabu alama. Anataka kujua nani anaharibu.

Nilihesabu vizuri, mwanangu. Hilo ndilo linalonitesa. Ningekuwa nimekosea hesabu ningejisamehe. Nilivigeuza kimoja kimoja, nikapanga mafungu. Kati ya mia vilivyopasuka, hamsini vilikuwa na duara. Hamsini vingine waligawana wale wanne. Nikaandika kwa mwandiko safi, nikapiga mstari kwa rula.

Bwana akasoma amesimama. Akauliza kwa sauti, ili wote wasikie: "Hii duara ya nani?"

"Ya Gaudensi, bwana."

Maneno yangu yote siku ile ni hayo.

Lakini kichwani kulikuwa na kitu kinanikwaruza. Nilihisi hesabu ile ina mlango wa pili ambao hatukuufungua. Nilijua anafyatua kuliko wote, basi si lazima awe na vingi hata kaburini? Mwenye mbuzi wengi ndiye atakayezika mbuzi wengi, hata kama ni mchungaji hodari. Hivyo tu. Kwa Kiswahili niliweza kulisema, lakini Bwana asingelielewa. Kwa Kiingereza nililitafuta, nikapata mwanzo wa sentensi, mwisho nikaukosa. Nikaogopa kuchekwa. Shuleni, nilipokuwa darasa la sita, niliwahi kukosea neno moja mbele ya mkaguzi na darasa zima wakacheka, na tangu siku ile kila nikifungua mdomo nasikia kile kicheko kwanza. Basi nikaufunga. Baba yako alifukuzwa kwa sababu mimi niliona haya kukosea sarufi.

"Karani amekukata kwa kalamu, ndugu yangu!" mmoja wa wafyatuaji akamtania. "Tena kwa wino mweusi, haufutiki."

Hakucheka. Alikuja mpaka mlangoni pa kibanda, mikono ina udongo hadi kwenye kiwiko.

"Umehesabu vizuri?"

"Nimehesabu vizuri."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Akaigeuza mikono yake, akaitazama ndani na nje, kama mtu aliyeuziwa kitu sokoni na sasa ndiyo anakiona kina kasoro. "Basi ndiyo hivyo," akasema. "Kumbe ni mimi."

Angebisha! Angenitukana, angesema karani huyu mtoto anajua nini. Aliniamini. Alijua mimi nimesoma, na karatasi ilikuwa na mstari wa rula. Mwanangu, ukiwa na elimu hata ya kijiko kimoja, kuna mtu atakayekuamini kuliko anavyoamini mikono yake mwenyewe. Sijui nikwambie ufanye nini na jambo hilo. Nakwambia tu lipo.

Baada ya siku nne akaandikishwa na watu wanaochukua manamba kwenda kukata mkonge huko pwani. Siku ya treni nilikwenda stesheni. Nilikuwa na mimba yako ya miezi miwili, nilikuwa nimeshajua, nimekwenda nimwambie. Nikamkuta amesimama katikati ya wenzake, na pembeni yuko mwalimu mmoja rafiki wa baba. Nikasimama nyuma ya tangi la maji. Nilisema moyoni, yule mwalimu akiondoka nitakwenda. Hakuondoka. Treni ndiyo iliyoondoka.

Tumbo lilipoanza kuonekana nikaachishwa kiwanda. Nikakaa ndani. Huko ndani niliamini kama alivyoamini yeye: nilimpenda mtu ambaye mkono wake una kasoro, basi. Hata nilijisikia mwema, kwamba nampenda hivyo hivyo.

Halafu ukaja wewe.

Ulianza saa nne asubuhi, wakanipeleka hospitali mpya. Haikuwa na dari bado. Ukilala chali unaona vigae moja kwa moja, upande wa chini, alama zote zinakutazama. Mkunga akaniambia, "Binti, usipige kelele, tafuta kitu uhesabu, uchungu ukija hesabu." Nikahesabu vigae. Mstari wa kwanza juu ya kitanda changu ulikuwa na kumi. Duara, duara, msalaba, duara, duara, duara, mistari miwili, duara, duara, msalaba. Saba. Nikasema ni bahati ya mstari huo. Wa pili: saba. Wa tatu: nane. Wa nne: sita. Uchungu unakuja, nahesabu. Unakwenda, nahesabu. Mpaka mkunga akaniuliza nacheka nini. Sikuwa nacheka.

Nikueleze polepole, maana hapa ndipo baba yako anapotokea mzima. Tanuri moja lilitoa kama vigae elfu moja vizima na mia vilivyopasuka. Kama kati ya vizima kumi saba ni vyake, basi kati ya elfu, mia saba ni vyake. Ongeza hamsini vyake vilivyopasuka: alifyatua mia saba na hamsini, hamsini vikapasuka. Ni kimoja katika kila kumi na tano. Wenzake wanne kwa pamoja walitoa mia tatu vizima na hamsini vilivyopasuka, jumla mia tatu na hamsini. Ni kimoja katika kila saba. Umeona? Hamsini na hamsini, zinalingana kaburini. Ukitoka kaburini ukaenda kwa walio hai, mkono wa baba yako ulikuwa bora kuliko wao mara mbili na zaidi.

Swali la Bwana lilikuwa: kati ya vilivyopasuka, vingapi ni vya Gaudensi? Mimi nikalijibu hilo. Swali la haki lilikuwa: kati ya vya Gaudensi, vingapi vimepasuka? Yanafanana kama mapacha. Mtu akiyasema haraka husikii tofauti. Moja lilimfukuza, jingine lingemfanya nyapara.

Nilikuzaa jioni. Walipokuweka kifuani nilikuwa bado nagawanya.

Nilipopata nguvu nilimtafuta Mzee Maganga, nikijiambia labda ni paa la chumba kile tu. Nilimkuta kwake anachonga mpini. Nikasimama nimetazama miguu yake, nikamuuliza. Akaweka mpini chini.

"Sasa ndiyo unauliza, mama?" akasema. "Mdomoni mwa tanuri, pale moto unapoingia, kigae cha nani nilikuwa naweka? Cha Gaudensi. Vya wengine nikiviweka pale vinalipuka kama bisi. Vyake vinavumilia. Sasa hata hivyo vichache vyake vilivyopasuka, vingi vimetoka pale mdomoni. Nani asiyepasuka pale? Hata wewe ungepasuka."

"Mbona hamkusema?"

"Tuliulizwa na nani? Nyie watu wa karatasi mlishamaliza." Halafu, kwa upole kidogo: "Alipoondoka Gaudensi vigae vilipasuka zaidi. Bwana akalaumu udongo."

Nilimwandikia baba yako barua ya kurasa sita. Nikamwandikia hesabu yote. Nikamwandikia habari zako, kwamba una nyusi zake. Nikaomba msamaha kwa lugha zote mbili, sijui kwa nini, labda niliona moja haitoshi. Baada ya miezi mitatu ikarudi imefungwa vile vile, na karatasi ndogo juu yake kwamba mwenye jina hilo amefariki kwa homa. Aliyeandika hakuandika siku. Kwa hiyo sijui kama nilipokuwa namwandikia alikuwa bado hai.

Hapa nimesimama kidogo kuandika. Umegeuka upande, nimekufunika.

Nataka ujue kwamba jambo hili la kuhesabu vilivyovunjika tu, si la Wazungu wala la kiwanda peke yake. Nalikuta kila mahali sasa, kama mtu aliyejifunza jina la ndege mmoja halafu anamsikia kwenye kila mti. Juzi bibi yako aliposikia umezaliwa hospitali alishika kichwa. "Kule? Sisi kwetu waliokufa wote walipelekwa hospitali. Mume wangu, kule. Dada yangu, kule." Nikamwambia, mama, walikuwa wanapelekwa wakiwa wameshazidiwa, na waliopelekwa wakapona mbona huwataji? Akasema, "Waliopona nitawahesabu wa nini, si wako shambani wanalima?" Mwanangu, ukishikwa na homa huko Kasansa, na ukawa umefika umri wa kusema, sema upelekwe mapema. Hilo ni agizo, nisamehe. Nilisema sitaagiza.

Na mimi mwenyewe ndivyo nilivyojihesabu. Siku zote nilizochekwa ninazo, naweza kuzitaja na nguo niliyovaa. Siku nilizosema neno na hakuna aliyecheka, sina hata moja kichwani. Lazima zilikuwepo. Hakuna mtu anayeishi miaka kumi na minane kwa kuchekwa tu. Lakini nilikuwa nakwenda Makaburini tu kutafuta habari zangu, na habari nilizopata huko ndizo zilizonifunga mdomo mbele ya Bwana, na pale stesheni, na mwezi uliopita, baba aliponiita akaniambia umekwisha kuachishwa ziwa, kwamba ukoo wa baba yako wanakutaka, kwamba mimi nina nafasi ya kwenda kusomea ualimu na haiwezi kungoja. "Unasemaje?" akaniuliza. Nikatazama miguu yake. Akasema, "Haya, amekubali." Sikukubali, Leokadia. Sikukubali hata kidogo. Sikukataa pia. Usije ukadhani kunyamaza ni kitu cha upole. Mimi kimeninyang'anya watu wawili.

Sasa ndiyo naogopa kitu kimoja kuliko kuachana nawe. Utakua. Utavunja vibuyu, utamwaga maziwa, utaunguza ugali, kama mtoto yeyote. Na kila kimoja bibi yako atakiokota na kusema: mkono wa Gaudensi. Maji utakayoyabeba kutoka mtoni yakafika bila kumwagika, nani atayahesabu? Utakuja kuitazama mikono yako ndani na nje kama nilivyomwona yeye akifanya. Nimeshaona mtu mmoja akifanya hivyo. Siwezi kumtengeneza wa pili.

Bibi yako yuko nyuma ya nyumba anapepeta ulezi wa safari. Nasikia ungo. Nikiendelea kuandika nitapata sababu ya kunyamaza. Ngoja niende.

*

Nimerudi.

Nimekaa mbele yake chini. Sikuanza kwa salamu wala kwa kuzunguka, ningeishia njiani. Nimesema, "Mama, Gaudensi hakuwa mharibifu. Mimi ndiye niliyeandika kwamba ni mharibifu, na nilikuwa nimekosea." Ungo ukasimama. Nikachukua ulezi wake nikamgawia mafungu pale pale kwenye jamvi, punje badala ya vigae, fungu la waliokufa na fungu la walio hai, nikamwonyesha mara ya kwanza. Akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kueleza kitu chote mpaka mwisho kwa mdomo. Hakucheka mtu.

Kuku wakaanza kula mafungu. Hakuwafukuza.

"Yeye alikuja kujua?" akauliza.

Ningeweza kudanganya, mwanangu. Nimelifikiria. "Hapana, mama. Barua ilirudi."

"Kwa hiyo mwanangu alikufa anauogopa mkono wake."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimekaa miaka yote hii namsema. Mbele za watu. Nasema nilizaa mkono mbovu." Akajipiga kifuani, mara moja, si kwa nguvu. Halafu akanitazama, na tangu aje hapa alikuwa akiniita mwanangu, lakini sasa akasema: "Karani."

"Abee, mama."

"Mavuno yakiisha, usije."

Nikasema, "Mama, nakuomba..."

"Nakwambia usije. Wewe mtoto, najua u mtoto. Lakini nikikuona kwenye uwanja wangu nitakumbuka treni, na nitafanya kitu ambacho mjukuu wangu hatakiwi kukiona. Akiwa mtu mzima akitaka, atakuja mwenyewe. Njia anayo. Mimi sitamzuia, na wewe hutakuja."

Nikalia. Sikuona aibu kulia, hilo nalo geni. Halafu akauliza, "Hayo uliyoniambia yako kwenye karatasi?"

"Yako yote."

"Barua nitaibeba. Wewe sitakubeba." Akainuka, akakung'uta nguo. "Mimi nikimweleza mtoto nitachanganya na matusi. Atayasoma mwenyewe kwa mdomo wako. Na bakuli la leo, lile, nililomsemea, liandike kwamba bibi amefuta."

Nimeliandika. Bibi amefuta.

Amenifuata humu ndani. Wewe bado umelala, umevuta miguu tumboni. Amekaa kitandani karibu yangu, karibu kuliko siku zote tatu. Ameniuliza jina la mwanawe liko wapi humu. Hajui kusoma. Nimemwambia liko mahali pengi. Akasema, "Nionyeshe moja." Basi nimeliandika upya hapa, kubwa, lisimame peke yake:

GAUDENSI

Ameweka kidole chake juu yake. Ameanza herufi ya kwanza, amekwenda polepole mpaka ya mwisho, amerudi. Wino haujakauka vizuri, umemshika. Huu mstari nauandika hapa chini, pembeni mwa mkono wake, nikiubana usimguse. Hakuna nafasi nyingi imebaki kwenye karatasi. Akiondoa kidole, nitaikunja.